Kigugumizi cha Darka

Zelena, Saskatchewan
21 Oktoba 2007

Mjukuu wangu Darka,

Pokea salamu za babu yako Gido Nestor, mtu wa kwanza katika kijiji hiki chote aliyekitawala kimashine cha muziki siku ileile kilipofika kwa posta, bila miwani, bila karatasi ya maelekezo, bila kusaidiwa na mtu.

Nilipofika hapo bibi yako, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akakohoa. Basi. Ilinichukua siku kumi na nane. Siku tatu za kwanza nilikuwa nabonyeza kifuniko cha betri nikidhani ndiyo swichi. Siku ya nne nilikipeleka kwa mama wa posta, naye akakiwasha kwa ukucha mmoja huku anapiga muhuri barua za watu.

Sisi ni wazima. Bibi yako Paraska anaumwa miguu, mdomo hauna tatizo. Viazi tumeshavitoa. Mbwa ameoa, au ameolewa, sijui kafanya nini, lakini harudi nyumbani ila kula. Baba yako Orest alipiga simu Jumapili. Ametupatia chumba katika nyumba ya wazee huko Saskatoon, chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari, na alikisifia utadhani ametuonyesha peponi. Nikamwambia nina kazi.

Na kazi ndiyo sababu ya barua hii. Hao watu wa kambini kwenu mgodini wakikuuliza babu yako anafanya nini, waambie anatengeneza barafu ya uwanja wa mchezo wa mawe, njia mbili. Wakicheka, waambie wajaribu wao kutembea kinyumenyume juu ya barafu, tangi la maji ya moto mgongoni, mkono unanyunyiza matone kulia na kushoto, hatua moja kwa kila pigo la muziki, kutoka ukuta hadi ukuta. Matone yakiganda sawasawa, jiwe likisukumwa linateleza sawasawa hadi kwenye duara. Matone yakikosa mpangilio, mtu mzima mwenye fagio la kusugulia barafu mkononi analia mbele ya mkewe.

Unajua mwenyewe kwamba tangu mwaka 1998 nimenyunyizia wimbo wenu wa kwenye kanda, ule wa hatua tatu, bibi yako kwenye fidla na wewe unapiga nyuzi za tsimbali kwa vijiti vyako. Na unajua pale katikati, ulipokuwa na miaka kumi na minne, kijiti kilikuponyoka na bibi yako akakungoja, pigo moja, mkaendelea. Mimi nami kwa miaka tisa nimekuwa nikikungoja palepale, na mkono ukirusha maji mara mbili mahali pamoja. Ndiyo maana kila jiwe katika uwanja wetu likifika pale linasita kidogo. Watoto wa hapa wanapajua mahali hapo kabla ya kujua kusali: Kigugumizi cha Darka.

Sasa mashine ya kanda imetafuna kanda, na ndiyo maana nilikuomba hiki kimashine. Nashukuru sana. Ni kizuri, ni chepesi, na ni kikaidi kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumkamua. Kinaganda katikati ya wimbo. Kinajizima bila kuaga. Upande wa kushoto wa spika za masikioni ulikufa siku ya tano. Na kubwa kuliko yote, kinameza Kigugumizi chako. Nikifika pale mguu wangu unasubiri, muziki umeshapita. Ni kama kushuka ngazi gizani ukadhani imebaki moja.

Nifanye nini? Ujibu upesi. Tarehe tisa Februari wanawake wa wilaya nzima wanachezea hapa mashindano yao, na Wasyl Tkachuk mwenyekiti wa kamati amesema waziwazi: barafu ikiharibika siku hiyo, funguo za uwanja anapewa kijana Brent wa Yorkton, mwenye cheti cha barafu. Nikikosa funguo sina cha kumjibu baba yako.

Gido wako,
Nestor Pawluk

*

Kambini, Maeneo ya Kaskazini Magharibi
11 Novemba 2007

Shikamoo Gido,

Barua yako ilifika na ndege ya Alhamisi, ndege ya Jumatatu upepo uliirudisha. Mpe Bibi pole ya miguu, mwambie aiinue juu ya kiti na aache kusimama nyuma ya watu wanaoandika. Mimi ni mzima. Wagonjwa wangu wiki hii ni vidole vitatu, meno mawili, na baba mmoja mwenye mwili wa tembo aliyezimia alipoona sindano. Chakula kipo cha kutosha ila kabichi zao za kuviringisha zinasikitisha, mpishi anatia nyama nusu na majuto nusu.

Kuhusu kimashine. Kikiganda, nyuma kuna tundu dogo sana. Chukua sindano ya Bibi, chomeka taratibu, hesabu mpaka tano, kitaamka. Baridi inaua betri, kwa hiyo kiweke kwapani dakika kumi kabla ya kazi. Wimbo wako ni wa kwanza, kikikupeleka kwenye polka ujue umebonyeza mara mbili.

Hicho kipande kinachomezwa, sijui niseme nini Gido. Vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Nilikinunua kituo cha mafuta, kilikuwa kwenye kapu karibu na mlango pamoja na glavu. Lakini hebu nikuulize, wimbo bila kile kipande si unakwenda vizuri zaidi? Labda miguu yako itazoea.

Najua utaiweka hiyo barafu kama meza. Hapa nimewaambia watu kwamba babu yangu anatembea kinyumenyume vizuri kuliko wanavyotembea wao kwenda mbele. Hawajui nasifia au natukana.

Mjukuu wako,
Darka

*

Zelena
2 Desemba 2007

Darka wangu,

Salamu kutoka kwa watu wawili na mbwa, amerudi, amekonda, haongei. Theluji imefika madirishani. Bibi yako amesoma barua yako akaketi kwenye kiti kingine, bado anachungulia.

Nakiweka kwapani kama ulivyosema. Bibi yako anasema nanuka redio. Sindano nayo inafanya kazi, ila Jumanne nilichomeka nikahesabu, kikaamka kikiwa kimebadili lugha. Maandishi yote yana vikofia juu ya herufi. Nilimpelekea padri, akavaa miwani, akasema huenda ni Kituruki. Nikamwomba akiombee, akasema ana orodha ndefu.

Juzi ndiyo kilinifanyia unyama. Nimeanza njia ya pili, mguu kwa mguu, taratibu, mara wimbo ukakatika ikaingia polka. Miguu haikuniuliza. Nilikimbia kinyumenyume na tangi mgongoni kama mtu aliyekutana na dubu, mpaka nikagonga ukuta kwa makalio. Wasyl alikuwa anatazama kupitia kioo cha chumba cha chai. Hakucheka. Mtu asipocheka kitu kama kile, ujue anaandika kichwani.

Na sasa sikia balaa lenyewe. Jumamosi walikuja kucheza nasi wanaume wa kijiji jirani cha Lowfield. Jiwe la mwisho lilikuwa la Wasyl. Akalisukuma kwa nguvu kidogo, kama sote tunavyofanya hapa, akijua litasita kwenye Kigugumizi kisha litue katikati ya duara. Halikusita. Lilipita pale kama bwana mkubwa, likapita duara, likapita kila kitu, likagonga ukuta wa nyuma. Wasyl akanijia na fagio lake begani.

"Nestor, umeifanya nini barafu yangu?"

"Sikuifanya kitu. Kimashine kinaruka kipande."

"Kimashine? Mtu mzima anaambiwa na kimashine pa kukanyaga?"

"Wewe unaambiwa na mkeo na hatusemi."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Sasa ameshaandika barua kwa Brent wa Yorkton, kumwalika aje tarehe tisa Februari "kuangalia." Kuangalia nini, ndege?

Kwa hiyo nakuuliza tena, mjukuu, wewe uliyesoma. Kwa nini kinameza palepale? Na namna ya kukizuia ni ipi? Imebaki miezi miwili na siku saba.

Gido

*

Kambini
19 Desemba 2007

Shikamoo Gido,

Naanza na habari mbaya ili nimalizie na nzuri. Krismasi siji, wala ile ya Desemba wala ile yetu ya Januari. Nesi mwenzangu ameteleza kwenye ngazi ya bweni akavunjika mguu, na mgonjwa wa kambi nzima kwa sasa ni yeye. Mwambie Bibi anitengee pirohi za viazi kwenye friza, na wewe usizile.

Ndani ya kifurushi hiki kuna betri kumi na mbili na spika mpya za masikioni. Habari nzuri ni kwamba nimepata posho ya likizo. Nikuletee kimashine kingine, cha maana, cha dukani kweli? Hicho kingine hakigandi. Nitakitilia wimbo upya mimi mwenyewe. Sema tu, nitaagiza wiki hii.

Jambo moja. Mama ameniandikia kwamba Agosti ulianguka kwenye matuta ya viazi, na kwamba siku mbili mkono wako wa kushoto ulikataa kushika kijiko. Wewe uliniandikia mwezi huohuo ukaniambia habari za mbwa tu. Nakumbuka nilipokuwa mdogo kanda uliiwasha kwa starehe yako. Umeme ukikatika ulihesabu kwa mdomo, moja mbili tatu, mpaka ukutani, ukarudi. Sasa kwa nini huwezi bila muziki?

Nakuuliza kama nesi. Kama mjukuu nakuomba.

Darka

*

Zelena
8 Januari 2008

Darka wangu,

Kristo amezaliwa. Tulikaa mezani watu wawili na vyakula kumi na viwili visivyo na nyama, na kiti chako na sahani yako. Bibi yako aliweka nyasi chini ya kitambaa cha meza kama mama yangu alivyokuwa akiweka, nami nikapiga chafya mpaka sala ikaisha. Pirohi zako zipo kwenye friza. Zilizobaki.

Agosti kulikuwa na joto. Hilo tumelimaliza.

Kimashine kingine usinunue. Nimekasirika na hiki mpaka nimeanza kukiheshimu. Wiki iliyopita kilidondoka kwenye ndoo ya maji ya moto. Nikakitoa, nikakikausha juu ya jiko la bibi yako kando ya supu ya bitiruti, kikakaa kimya siku nzima, halafu kikaanza kuimba chenyewe tukiwa mezani. Kesho yake gari la Wasyl likakipanda tairi moja kwenye theluji. Kinaimba. Kioo kina ufa, Kituruki hakionekani tena vizuri, ambalo ni nafuu. Kitu cha kwenye kapu la glavu, lakini kina moyo wa farasi wa kulima. Wangetengenezwa watu namna ile ningemwajiri mmoja.

Na kuna jambo lingine limenifanya nikae nikifikiri. Jumapili walikuja wanawake wa Lowfield kufanya mazoezi. Nahodha wao, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alipiga goti katikati ya njia akapapasa barafu kwa kiganja, akaniambia, "Mzee, miaka ishirini nacheza mawe, sijakanyaga barafu iliyonyooka hivi." Nikasema asante. Rohoni niliudhika, kama mtu aliyesifiwa kwa mtoto asiye wake.

Nikarudi nyumbani nikawaza. Kimashine hiki kinakosea kila kitu. Kinakosea wimbo, kinakosea lugha, kinakosea hata saa, sasa hivi kinasema tuko mwaka 1970. Lakini kipande chako kinakimeza kila siku, kila njia, palepale, hakijakosea hata mara moja. Mimi nimeishi na mashine mbovu tangu trekta la kwanza la baba yangu. Mashine mbovu haina uaminifu namna hiyo.

Sina swali. Nimesema tu.

Gido

*

Kambini
20 Januari 2008

Shikamoo Gido,

Bibi asisome hii kwanza. Au asome, haidhuru.

Nilikikata mimi. Kimashine hakikumeza kitu. Nilipokuwa nautoa wimbo kwenye kanda yangu na kuutia kwenye kompyuta ya zahanati, niliona nina nafasi ya kuondoa lile pigo moja, nikaliondoa, nikaunganisha pande mbili. Dakika tatu za kazi. Halafu ulipolalamika nikakusingizia kapu la kituo cha mafuta, mara moja, mara mbili.

Nikueleze kwa nini. Wewe unasema Kigugumizi cha Darka ukicheka kwa upendo, najua. Lakini mimi nimekua nikiingia uwanjani kila Jumamosi na kusikia kosa langu likipigwa kwenye spika, na wavulana wakiigiza kuangusha vijiti. Mtoto wa mtu mwingine anakosea wimbo, kesho watu wamesahau. Mimi kosa langu liligandishwa chini ya miguu ya kijiji. Nilitaka mara moja tu upite pale bila kuningoja.

Na sasa naona kwa sababu yangu huenda ukanyang'anywa funguo. Wimbo mzima ninao, sijaufuta. Lakini Gido, yule mama wa Lowfield amesema kweli. Wakaguzi wa wilaya wanataka barafu iliyonyooka. Ukinyunyiza kwa wimbo uliokatwa, hakuna Brent atakayekufikia. Huo uliopo masikioni mwako ndio sahihi kwa tarehe tisa, hata kama uliletwa na mwongo.

Nimeshasema langu. Sasa la Agosti ni lako. Mimi nakustahi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hapa kambini niko na watu wanaolipua milima. Hesabu yako ilikwenda wapi?

Darka

*

Zelena
12 Februari 2008

Darka wangu,

Barua yako ya tarehe ishirini ilikaa na upepo huko kwenu, ikafika Ijumaa tarehe nane, mchana, nikiwa napasha maji ya majaribio. Niliisoma nikiwa nimekalia tangi. Kwanza nilikasirika. Nilikutukana kwa Kiukreni, kisha kwa Kiingereza, na kwa maneno mawili niliyoyapata kwenye kioo cha kimashine kabla hakijapasuka. Baadaye nikawaza dakika tatu za kazi, na fundi gani anaweza kukata pigo moja katikati ya wimbo na mzee wa masikio kama yangu asisikie kovu. Niliona ufa kila mahali ila pale. Mkono huo umeutoa kwa nani? Si kwa baba yako, yule akipigilia msumari mmoja ukuta unaomba radhi.

Nikaiweka barua mfukoni, nikasema kesho napita pale bila kumngoja mtu.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Timu nne, wanawake kumi na sita wamesimama na mafagio yao, mama mkaguzi wa wilaya na saa yake shingoni, Wasyl, na Brent wa Yorkton mlangoni amevaa viatu vyake vya barafu tayari. Kijana mpole, usimchukie, alinisaidia kuvaa tangi. Nikatoa kimashine kwapani, kina joto kama mkate. Nikabonyeza. Kimya. Nikachomeka sindano, nikahesabu tano. Kikaangaza mara moja, kikazima. Betri mpya, kimya. Kikafa mbele ya watu wote kwa heshima, kama mbunge.

Nikasema basi, nitahesabu. Nikageuka mgongo, nikaanza, moja mbili tatu, moja mbili tatu. Nilifika hatua ya kumi na moja. Halafu hesabu ikaondoka. Sikuichanganya, Darka, iliondoka, kama kwamba kuna mtu aliingia akaibeba. Nikasimama mkono juu, maji yanadondoka mahali pamoja.

Bibi yako alikuwa chumba cha chai anakata keki ya mbegu za popi. Akatoka na kisu chake.

"Nestor, unasimama nini?"

"Hesabu imepotea, Paraska."

"Ipi?"

"Zote. Tangu Agosti."

Nilisema hivyo mbele ya kamati. Sikuwa na njia nyingine, tangi lina uzito na uongo una uzito, na mkono wa kushoto ulikuwa unabeba kimoja tu. Wasyl akatazama chini. Brent akapiga hatua moja mbele, akasimama, kwa sababu bibi yako alimwelekeza kisu bila kumtazama.

Halafu akaimba. Ule wimbo wenu, kwa la la la tu, ile sauti yake ya kuita kuku. Verna, mke wa Wasyl, nahodha wa timu yetu, akadakia, na wenzake watatu, na mwisho hata Lowfield, ambao hawaujui lakini walipiga mafagio chini. Nikatembea. Miguu ilikuwa inabebwa. Tukafika pale katikati, na wote wakangoja. Wamekusikia miaka tisa, hawajui kwamba wimbo una namna nyingine. Nami nikangoja, mkono ukarusha mara mbili. Njia ya kwanza nikaimaliza hivyo, na ninakuambia ukweli, ilikuwa tamu.

Nikasimama mwanzo wa njia ya pili. Mkaguzi ananiangalia, barua yako mfukoni. Nikamwita bibi yako.

"Paraska, safari hii usimngoje mtoto."

"Nimemngoja miaka tisa."

"Ana miaka ishirini na mitatu. Amesema tupite."

Akanitazama hivi, unamjua anavyotazama. Akaanza tena. Tulipofika pale wanawake wote wakasita wakakanyagana kama kondoo mlangoni, lakini bibi yako alipita katikati yao, sauti moja, na mimi nyuma yake. Mguu wangu haukukosa kitu. Hadi ukutani.

Mkaguzi akasukuma mawe yake ya kupimia kwenye njia zote mbili, akaandika. Akaja kwangu. "Njia ya pili sijaona kama hii wilaya nzima. Ya kwanza katikati kuna nini?"

"Kuna mjukuu wangu," nikasema.

Ikabidi nimweleze yote. Alicheka hadi saa ikagonga meno. Akasema mawe yanasita pale kwa timu zote sawasawa, kwa hiyo halali, ila msimu ujao zote mbili ziwe kama ya pili.

Fainali ikaangukia njia ya kwanza, Verna dhidi ya Lowfield. Jiwe la mwisho la Verna. Kilichoniuma kuliko meno: miezi mitatu amefanya mazoezi kwenye barafu iliyonyooka, akalisukuma jiwe kama kwamba imenyooka. Likafika kwenye Kigugumizi alichokiimba yeye mwenyewe asubuhi kwa sauti kuliko wote, likasita, likakaa, limepungukiwa urefu wa fagio kufika katikati ya duara. Lowfield wamechukua kombe. Wasyl alifungua mdomo kunigeukia. Verna akamwambia, "Wasyl, niliimba mimi." Akaufunga.

Kamati ilikaa jana mchana. Mikono sita kati ya saba, misimu miwili zaidi. Wa saba unamjua. Masharti yao: Brent anakuja Ijumaa kunibebea tangi kupanda ngazi na kujifunza, na mimi niende kwa daktari. Leo asubuhi nimekwenda. Ni kiharusi kidogo, kama ulivyokwisha kujua ukanyamaza kwa adabu. Nimepewa vidonge vya rangi mbili. Hesabu huenda ikarudi, huenda isirudi. Bibi yako anasema ana sauti ya kutosha.

Brent aliniuliza nani alinifundisha kunyunyiza vile. Nilitaka kusema ni mimi mwenyewe. Nikamwambia ni watoto wawili wa kike, mmoja ana sabini na moja.

Sasa ombi. Mwaka 2001 trekta langu lilipita ukuta wa banda la kuku likatokea upande wa pili, na mimi nikamwambia baba yako kwamba niliyekuwa nikiendesha ni mimi, si wewe. Kuku wanne, Darka. Miaka saba nimeitwa kipofu kila Pasaka kwenye meza yangu mwenyewe, na sijawahi kudai. Leo nadai. Orest anakuja tarehe mosi Machi na maboksi. Mpigie simu kabla hajafika, wewe anakusikiliza. Mwambie hatuendi Saskatoon. Anza na alichosema mkaguzi, halafu kura sita, halafu daktari, na ya hesabu iache mwisho kabisa, akishakaa.

Gido wako,
Nestor